Pilipili Zako Zinatofautiana, au Maabara Yako?
Utatuzi wa matatizo unapopima utofauti wa vinasaba vya pilipili kali

Kijana mmoja aliwahi kuniletea dendrogramu, yaani mti wa undugu wa sampuli, aliyoichapisha kwa rangi kwenye karatasi kubwa. Sampuli 42 za pilipili kali, alama 12 za SSR (vipande vya DNA vyenye marudio mafupi, ambavyo urefu wake hutofautiana), makundi matatu yaliyojitenga kama meza za bwalo. Alikuwa na furaha, nami nilitaka kufurahi naye, ila kwanza nikamwomba daftari lake la maabara. Kundi la kwanza lilikuwa sampuli alizozitoa DNA Jumatatu. La pili, za Alhamisi. La tatu, za wiki iliyofuata, baada ya klorofomu kuisha na kuazima chupa ya jirani. Ile haikuwa dendrogramu ya pilipili. Ilikuwa kalenda.

Tangu siku hiyo nawaambia wote wanaokuja na swali la pilipili: utofauti unaouona ni wa maabara mpaka uthibitishe kwamba ni wa mmea. Mwongozo huu nimeupanga kwa malalamiko, jinsi mgonjwa anavyomweleza daktari. Umeandikwa kwa anayefanya kazi hii Dar es Salaam, kwenye joto letu, unyevu wetu na umeme wetu, akitumia pilipili za masoko na bustani zetu.

"Sampuli mbili zina jina moja, lakini zimeangukia pande mbili za mti"

Hapa ndipo tatizo linapoanzia mara nyingi zaidi, na mashine haihusiki. Jina la sokoni si jina la aina. Pilipili mbuzi, ile ya mviringo iliyokunjamana yenye harufu inayotangulia ukali, kwa kawaida ni Capsicum chinense, ndugu wa habanero. Pilipili kichaa, vile vidogo vinavyosimama wima kwenye tawi, tunaiita C. frutescens, lakini vipilipili vya umbo hilo vipo pia ndani ya C. annuum, kwa hiyo jina peke yake halitoshi. Hoho ni C. annuum, na pilipili ndefu nyingi nazo ni C. annuum. Ukivuka maji kwenda Unguja hoho ya Dar inaitwa pilipili boga, na mzee wa huko ukimwambia hoho anaweza kukuletea kitu cha kukutoa machozi. Pilipili manga haimo kabisa katika ukoo huu. Ni mmea wa familia nyingine. Msicheke, nimewahi kuiona kwenye orodha ya sampuli.

Kwa hiyo kama "kichaa ya Mbagala" na "kichaa ya Tegeta" zimetengana, usikimbilie kusema umegundua utofauti mkubwa ndani ya aina moja. Inawezekana umelinganisha spishi mbili. Dawa yake haina gharama: panda, subiri maua, tazama. C. annuum kwa kawaida hutoa ua moja kwenye kila kifundo, petali nyeupe. C. frutescens maua yake yana weupe wenye ukijani na kikonyo kilichosimama. C. chinense hutoa maua mawili au zaidi kwenye kifundo kimoja, na tunda lake lina mkunjo kama pete pale kikonyo kinapokutana na kikombe cha ua. Ukiona madoa ya manjano au kijani kwenye petali, hiyo ni C. baccatum. Ukiona maua ya zambarau na mbegu nyeusi, ni C. pubescens, ambayo hupenda baridi ya milimani, na sitegemei uipate Kigamboni. Hizo ndizo spishi tano zilizofugwa na binadamu, zote zikiwa na asili ya bara la Amerika. Piga picha ya ua kwa kila sampuli, na picha iwe na namba ya sampuli ndani yake. Simu yako inatosha.

Kinyume chake pia hutokea: majina matatu, DNA moja. Usishangae. Pakiti moja ya mbegu ikigawanywa kwa wakulima watatu, kila mmoja huipa jina la aliyemletea.

"Nilikusanya kutoka masoko manne, lakini masoko hayatofautiani"

Wala hayapaswi kutofautiana. Hili ni kosa la usanifu wa utafiti, na hakuna kemikali ya kulitibu. Watu huchukua Kariakoo, Ilala, Buguruni na Temeke, wakayaita "jamii nne za mimea", kisha wakaendesha AMOVA, hesabu inayogawa utofauti kati ya ule wa ndani ya makundi na ule wa baina yake. Soko si shamba. Simama mbele ya meza moja tu na uulize:

"Shikamoo mama. Hizi zimetoka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Hizi mbuzi za Mkuranga, hizo ndefu zimekuja na gari ya Morogoro, hizo hoho za Lushoto. Unataka fungu la ngapi?"

Meza moja, mikoa mitatu. Na kesho yake kiroba kingine kitatoka kwingine. AMOVA ikikuambia karibu utofauti wote umo ndani ya masoko na si baina yake, imekuambia ukweli kuhusu malori, si kuhusu pilipili. Kama swali lako ni la kijiografia, nenda shambani. Kama ni la kibiashara, yaani nini kinauzwa Dar, basi soko ni sahihi, ila kundi lako liwe aina ya pilipili au chanzo cha mzigo, siyo jina la soko.

Kuna mtego mwingine wa sokoni. Ukichukua tunda na kutoa DNA kwenye nyama yake, umepima mama. Ukitoa kwenye mbegu, umepima mtoto, tena ganda la nje la mbegu bado ni la mama. Ukichanganya njia hizi mbili katika jedwali moja, umelinganisha vizazi viwili. Mimi hupendelea kuotesha mbegu na kuchukua jani changa la mche mmoja, nikiandika mche huo ulitoka tunda gani. Ni polepole, lakini hakuna utata.

"DNA yangu ni ya kahawia na inavutika kama ute wa bamia"

Kahawia ni fenoli zilizooksidika. Ute ni sukari ndefu za mmea. Pilipili ina vyote viwili, na jani likizeeka vinaongezeka. Anza na jani: chukua lile changa la juu, dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Bafa yako ya CTAB (sabuni ya kuvunja seli) ya asilimia 2 iongeze PVP kwa ajili ya fenoli, na beta-merkaptoethanoli iwekwe siku hiyohiyo ya kazi, si wiki iliyopita. Kwa ute, pandisha chumvi: mapishi ya kawaida yana NaCl ya mola 1.4, na wengi hupanda hadi mola 2 au zaidi pale ute unapokataa kutoka.

Kabla ya kutupa sampuli, fanya jaribio dogo. Ipunguze mara 10 kwa maji safi, kisha endesha PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya ile nzito na ile nyepesi pamoja. Nyepesi ikitoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) na nzito ikakataa, una kizuizi, si upungufu wa DNA. Hapo wengi hukosea: wakikosa bendi wanaongeza DNA, na kumbe wanaongeza sumu. Kwenye spektrofotometa, mashine ya kupima DNA kwa mwanga, tazama uwiano wa 260/280 uwe karibu 1.8, lakini usiishie hapo. Ule wa 260/230 ndio unaofichua sukari na chumvi zilizobaki. Ukiwa chini ya 1.5 nisingeuamini. Wala namba kubwa ya nanogramu isikupumbaze kama hukutumia RNase, kimeng'enya kinachokula RNA, maana mashine hiyo huhesabu RNA na DNA kapu moja.

Kama DNA si ya kahawia ila kwenye jeli imetawanyika kama moshi badala ya bendi moja nzito ya juu, imekatikakatika. Fikiria safari yake. Majani yaliyochumwa Mkuranga saa nne asubuhi, yakakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya daladala, mwezi wa pili, hadi saa tisa, yamepikwa. Barafu huyeyuka kabla ya Mbagala Rangi Tatu. Tumia silika jeli: jani kwenye bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya mfuko wenye silika isiyopungua mara 10 ya uzito wa jani, likauke ndani ya siku moja. Na uitazame rangi ya silika yenyewe. Kwa unyevu wa hapa mjini, debe lililoachwa wazi wikendi moja limekwisha kazi: ya bluu imegeuka waridi, ya chungwa imegeuka kijani. Irudishe kwenye oveni kabla ya kulaumu CTAB.

"Hakuna bendi hata moja"

Usibadilishe vitu vitano kwa mara moja. Endesha kwanza sampuli ya uhakika, yaani DNA ya zamani ambayo umeshaiona ikifanya kazi, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) ambazo umeshaziona zikifanya kazi. Ikitoa bendi, tatizo ni DNA mpya au praima mpya. Ikikataa, tatizo ni mchanganyiko au mashine.

Kwenye mchanganyiko mimi huanza kushuku dNTP, yaani matofali ya kujengea DNA, kabla ya kimeng'enya. Taq, ndicho kimeng'enya chenyewe, huhifadhiwa kwenye gliseroli, haigandi, na huvumilia kidogo. dNTP huumia kila zinapoganda na kuyeyuka, na friza ya jengo ambalo umeme hukatika mara mbili kwa wiki huzigandisha na kuziyeyusha bila kukuaga. Zigawe kwenye tyubu ndogo ndogo siku zinapofika, utumie na kutupa. Vifurushi vilivyokaa uwanja wa ndege vikisubiri karatasi, vijaribu siku hiyohiyo ya kuvipokea, ili ujue mapema kama unadai chochote.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko na mashine ikaendelea yenyewe uliporudi, usifurahi haraka. Kwenye chumba cha nyuzijoto 30, praima zimekaa zikishikana ovyo na DNA, na Taq isiyo na kizuizi cha joto imeendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Utapata bendi, naam, na nyingine ambazo hazikupaswa kuwepo. Trei hiyo iandike kwenye daftari kwa kalamu nyekundu na uirudie. Kuna watu hupitisha data ya trei kama hiyo kwa sababu kemikali ni ghali. Naelewa, lakini bendi bandia nayo itahesabika kama utofauti.

"Sampuli ya maji ina bendi"

Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Hapa swali ni pilipili usiyoiweka kwenye tyubu imeng'araje. Sampuli ya maji ni ile isiyotiwa DNA ili kukagua usafi; ikiwa na bendi, ni uchafuzi. Tupa maji, tupa bafa iliyofunguliwa, safisha meza na pipeti kwa klorini, tenganisha chumba unachochanganyia na kile unachofungulia bidhaa za PCR. Data yote ya trei hiyo haina thamani. Hata zile "nzuri".

"Karibu kila sampuli ina aleli mbili"

Aleli ni toleo mojawapo la kipande cha DNA cha mahali pamoja. Hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo tasnifu nyingi zinapoharibikia bila mwenyewe kujua.

Pilipili ni diploidi, yaani ina seti mbili za kromosomu, jumla 24, na kwa sehemu kubwa hujichavusha yenyewe. Nyuki huingilia, na kiwango cha kuingiliana hutofautiana mno kati ya shamba na shamba, kwa hiyo usikariri namba moja. Lakini chukua mfano. Kama asilimia 90 ya mbegu zinatokana na kujichavusha, kiwango cha uzazi wa ndani ukikikokotoa kwa s (sehemu ya mbegu za kujichavusha) kugawanya kwa 2 kutoa s ni 0.9 gawanya kwa 1.1, karibu 0.82. Kwenye eneo la jenomu ambalo utofauti unaotarajiwa ni 0.5, mimea yenye aleli mbili itakuwa takriban 0.09, mmoja kati ya kumi na moja. Jedwali lako likisema 0.6, weka kalamu chini.

Sasa soma jedwali kwa njia mbili. Kwanza soma kushuka, alama kwa alama. Kama alama moja ina bendi mbili kwenye sampuli zote, tena saizi zilezile, hujapata mimea chotara. Praima zako zinashika sehemu mbili za jenomu. Jenomu ya pilipili ina takriban jozi besi bilioni 3.5, na zaidi ya robo tatu ni vipande vinavyojirudia, kwa hiyo jambo hili si la ajabu. Tupa alama hiyo.

Kisha soma kwa mlalo, sampuli kwa sampuli. Kama sampuli moja ina aleli mbili kwenye alama nyingi huku wenzake wametulia, kuna njia tatu. Inaweza kuwa chotara halisi wa F1 (kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti), na mbegu za F1 za pilipili zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo, kwa hiyo tunda lake lipo sokoni. Inaweza kuwa DNA za mimea miwili zimechanganyika. Au wewe mwenyewe ulisaga majani ya mimea kumi pamoja ukidhani unaokoa gharama. Tofauti yao inaonekana. Chotara hana zaidi ya aleli mbili mahali popote, na bendi zake hukaribiana nguvu. Mchanganyiko huonyesha aleli tatu au nne kwenye alama fulani, jambo ambalo mmea mmoja wa diploidi hauwezi, na bendi zake huwa moja nene na nyingine za kufifia. Ukibaki na shaka, otesha mbegu kumi na mbili za tunda la mmea huo. Watoto wa F1 watatawanyika: wengine aleli hii, wengine ile, wengine zote mbili.

Kuhusu kusaga majani ya mimea mingi pamoja: sikatai kabisa. Kwa swali la "aina hizi mbili zinafanana kiasi gani kwa jumla" inaweza kufaa, mradi usithubutu kuhesabu heterozaigoti, yaani mimea yenye aleli mbili tofauti, kutoka humo. Aleli adimu nazo humezwa. Ukishasaga huwezi kusagua.

"Zote zinafanana, sijapata utofauti wowote"

Huyu naye huja amekata tamaa. Uliza kwanza unatenganisha kwa jeli gani. Alama ya SSR yenye marudio ya besi mbili inaweza kutofautiana kwa besi 2 au 4 tu. Agarosi ya asilimia 2 haikuonyeshi hilo. Utaona bendi moja iliyonyooka na kuandika "hakuna utofauti". Agarosi maalumu ya asilimia 3 hadi 4 husaidia kidogo, poliakrilamidi husaidia sana, mashine ya kapilari ndiyo mwisho wa ubishi.

Kama kipimo ni kizuri na bado zinafanana, huenda ni kweli. C. annuum za kibiashara, hasa hoho, zina asili finyu, na alama zilizotoka ndani ya jeni hubadilika polepole kuliko zile za maeneo yasiyo na kazi. Ongeza alama, usiongeze matumaini. Na uhakikishe una sampuli moja ya mbali kwenye trei, kwa mfano pilipili mbuzi moja katikati ya hoho. Ikionekana tofauti, kipimo kinafanya kazi na hoho zako ni ndugu. Isipoonekana tofauti, kipimo ndicho kipofu.

"Pilipili mbuzi zangu zinakataa nusu ya alama"

Alama nyingi za SSR za pilipili zilitengenezwa kutoka C. annuum. Ukizipeleka kwa C. chinense, besi moja au mbili zilizobadilika pale praima inaposhika zinatosha kufanya aleli isionekane. Punguza joto la kushikisha praima kwa nyuzi mbili mbili uone. Isipotii, achana nayo.

Ubaya hasa unakuja kwenye uandishi. Bendi iliyokosekana unaiandika 0 au unaacha wazi? Ukiandika 0 kwa mbuzi zote, programu itaona "zinafanana kwa kukosa" na kuzibandika pamoja kwa nguvu kuliko uhalisia. Kundi litatoka safi, nawe utalisifu. Kwa data ya SSR, bendi iliyokosekana ni data iliyokosekana, iandikwe hivyo, na alama iliyokosekana kwa zaidi ya asilimia 20 hivi ya sampuli mimi huiondoa. Kwa data ya ndiyo na hapana (bendi ipo au haipo) kama ya alama za ISSR, tumia Jaccard au Dice, vipimo ambavyo havihesabu kukosa kwa pamoja kuwa ni undugu. Watu wawili kutokuwa na baiskeli hakuwafanyi kaka na dada.

"Kila kilele kina kivuli pembeni"

Kwenye grafu ya kapilari, kivuli kilicho besi 2 nyuma ya kilele kikuu kwenye alama ya marudio ya besi mbili ni kigugumizi cha Taq; zoea umbo lake, soma kilele kirefu. Kivuli kilicho besi 1 mbele au nyuma ni Taq kuongeza A mwishoni mwa baadhi ya nakala na kusahau nyingine. Ongeza muda wa mwisho wa kurefusha hadi dakika 30 au 45, au agiza praima ya nyuma yenye mkia wa GTTT ili A iongezwe karibu kwenye nakala zote.

"Nimerudia RAPD, imetoka tofauti"

Ndivyo ilivyo. RAPD hutumia praima fupi isiyolenga mahali maalumu, na praima ya besi 10 ikishikishwa kwenye nyuzijoto 36 hivi hushika kwa hisani. Mkono ukibadilika, mashine ikibadilika, bendi zinabadilika. Njia hiyo ilifika mwaka 1990, ikasaidia maabara maskini kwa miaka mingi, nami nilijifunzia hapo, kwa hiyo siitukani. Ila leo sioni sababu ya mwanafunzi kuianza upya. Kama huna budi, rudia sampuli zote mara mbili na uhesabu bendi zilizojirudia tu. Kwa njia yoyote ile, rudia angalau sampuli moja kati ya kumi tangu kutoa DNA, na uchapishe kiwango cha makosa. Kama nakala mbili za mmea mmoja zinatofautiana kwa asilimia 6, tofauti ya asilimia 5 kati ya aina mbili haina maana yoyote.

"Mti haukutenganisha kali na zisizowasha"

Na kwa nini utenganishe? Muuza chipsi wa Sinza anajua pilipili mbuzi hata ukimfunga macho, lakini alama zako 12 hazina pua. Alama za SSR za kawaida hueleza historia ya ukoo, si ladha. Kuwasha au kutowasha kabisa, kwenye C. annuum, hutegemea zaidi jeni moja, Pun1, iliyo kwenye kromosomu ya 2. Hoho nyingi zimepotezewa kipande cha takriban besi 2,500 kwenye mwanzo wa jeni hiyo. Kiasi cha ukali miongoni mwa zinazowasha ni habari ya jeni nyingi pamoja na maji, joto na umri wa tunda. Ukitaka jibu la kuwasha, tumia alama ya Pun1 yenyewe, na ukali wenyewe upime.

Mti ukibadilika kila unapopanga sampuli upya kwenye faili, una umbali uliolingana, na UPGMA (njia ya kuchora mti) inachagua wa kwanza kukutana naye. Ongeza alama, na utazame namba za bootstrap (mara ngapi kati ya 100 tawi hurudi data ikichaguliwa upya). Tawi la chini ya 50 usiliandikie aya nzima.

Kwenye STRUCTURE, programu ya kugawa sampuli kwenye makundi, kilio ni kimoja: ΔK, kipimo cha kuchagua idadi ya makundi, inasema makundi mawili, siku zote mawili. Njia hiyo, ya Evanno ya mwaka 2005, haiwezi kupima kundi moja, na kama umechanganya chinense na annuum, mgawanyiko wa spishi utazima kila kitu kingine. Tenganisha spishi kwanza, kisha endesha ndani ya kila moja. Kumbuka pia kwamba programu hiyo hudhani mimea inaoana ovyo ndani ya kundi, na pilipili haioani ovyo. DAPC, njia nyingine ya kutafuta makundi, haina dhana hiyo. Ziendeshe zote mbili, zikigombana andika kwamba zimegombana.

"Msahihishaji ameikataa PIC yangu"

Huenda umeandika PIC (kipimo cha kiasi cha habari ambacho alama hutoa) lakini umekokotoa 1 kutoa jumla ya miraba ya masafa ya aleli. Huo ni utofauti wa jeni, si PIC ya Botstein ya 1980, ambayo hupunguza kitu kingine zaidi. Njia ya haraka ya kujua: alama yenye aleli mbili haiwezi kuzidi PIC ya 0.375. Ukiwa na SNP (alama ya besi moja inayobadilika) yenye PIC ya 0.48, umejishtaki mwenyewe. Badilisha jina la safu au badilisha fomula.

"Data ya mwaka huu hailingani na ya mwaka jana"

Aleli iliyokuwa 212 mwaka jana sasa ni 214, kwa kila sampuli. Mashine nyingine, rangi nyingine ya praima, au kipimio kingine cha saizi, na aleli zote husogea pamoja. Usiziunganishe faili kwa kukisia. Chagua pilipili mbili, moja annuum na moja chinense, zijichavushe chini ya chandarua kwa vizazi kadhaa, utunze mbegu zake zikiwa kavu, na uziweke kwenye kila trei utakayoendesha, visima vilevile kila mara. Zikisogea besi 2, zirudishe nyingine zote besi 2. Zikisogea kwa alama moja na zisisogee kwa nyingine, rudi kwenye daftari uone ni chupa gani ya praima ilifunguliwa lini.